Tulipoacha Kuchimba Chini ya Jiji

Vijana watatu wa kijijini kwetu Daudi walikuja kuniaga kabla ya kusafiri. Wamepata kazi ya kuchimba mahandaki nchi ya mbali, kama niliyoifanya mimi, wakataka niwaambie huko chini kuna nini. Nilianza vizuri, halafu kikohozi kikanishika, nao wakaona aibu kuendelea kumhoji mgonjwa. Waliondoka na heshima zao zote lakini bila jibu. Kwa hiyo naandika, wapate kusoma wakiwa njiani.

Nimestaafu nikiwa na miaka arobaini na saba. Daktari wa mradi alitazama picha ya kifua changu akaniuliza kama nina shamba nyumbani. Nikamwambia ninalo. Akasema, basi nenda kalime. Barabara tuliyoijenga wanaiita barabara endelevu, na naamini itadumu. Mapafu yangu hayakuwemo kwenye mchoro. Vyeo na mishahara naviacha. Aliyepandishwa alipandishwa, na fedha zimekwisha. Hata kulima kwenyewe sijakuweza vizuri, maana nikikaa Daudi wiki nzima miguu inaniwasha. Nashuka Katesh bila sababu, nafika Basotu kutazama ziwa, napanda tena Mbulu. Mke wangu anasema nimerudi nyumbani kama mgeni anayetafuta nauli.

Nililelewa na bibi yangu katika mojawapo ya nyumba za mwisho za kuchimbwa ardhini. Ninyi vijana mmezisikia tu. Wazee wetu walichimba kwenye mteremko, wakapanga magogo juu, wakafunika kwa udongo mpaka paa likawa sawa na majani. Mtu angeweza kupitisha ng'ombe juu yake asijue kuwa chini kuna familia inakunywa uji. Bibi alikuwa na sheria moja. Mvua ikinyesha, kabla ya kulala lazima apapase paa lote kwa kiganja, polepole, kama anayepapasa mgongo wa ndama. Akikuta unyevu mahali ambapo jana palikuwa pakavu, tunabeba ngozi zetu na kwenda kulala kwa jirani. Nilimwona mshamba kwa hilo. Nilitaka nyumba ya bati.

Baada ya kidato cha nne sikutulia. Nilishona magunia kwenye mashamba ya ngano, nikaenda Mirerani kwenye mashimo ya tanzanaiti, nikaishia kwenye mahandaki ya reli. Kwenye reli ndiko nilikokutana na watu wawili mtakaowasikia humu. Mmoja ni Amnaay wa Tumati, aliyenipita miaka michache, nikamwita kaka. Mwingine ni Rashidi, mtoto wa wafanyabiashara wa Katesh. Ndugu zake wote wanauza vitambaa. Yeye alichagua kuendesha mashine ya kuchimbia, na mama yake hajamsamehe. Reli ilipoisha, kampuni moja ya nje ikatuchukua kikosi kizima, karibu wote watu wa Mbulu na Hanang, tukajenge barabara chini ya jiji ambalo kwa mkataba sitakiwi kulitaja. Ni kubwa. Hilo linatosha.

Siku ya kwanza nilishtuka na sijamaliza kushtuka. Nilidhani handaki ni shimo la Mirerani lililonenepa. Lifti ilitushusha kwa muda mrefu, mlango ukafunguka, tukajikuta kwenye ukumbi ambamo kanisa letu lingeingia pamoja na mnara wake. Malori yalikuwa ya umeme, yakipita kimya kama paka, mpaka unaona kivuli chako kimerefuka mbele ndipo unajua kuna tani kadhaa nyuma yako. Juu yalining'inia mabomba ya hewa manene kuliko fahali. Nilisimama palepale mpaka Rashidi akanisukuma mgongoni, akaniambia nifunge mdomo, vumbi linaingia.

Injinia wa zamu yetu alikuwa mwanamke anaitwa Mirela, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alitueleza mpango. Magari yote yanayokatiza katikati ya jiji yataingia chini. Juu, barabara ya zamani itavunjwa, ipandwe miti, watu watembee kwa miguu na watoto wacheze. Moshi wa chini utachujwa kabla ya kutoka. Maji yanayovuja kwenye mahandaki yatasukumwa juu kumwagilia miti hiyo, na udongo tunaoutoa utajaza machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi nje ya jiji. Nilimsikiliza nikiwa siamini. Sisi kwetu tulikuwa tunaomba miaka yote barabara ionekane. Hawa walikuwa na ya kwao na wanataka kuificha.

Kikosi chetu hakikuchimba handaki lenyewe. Hilo lilikuwa la mashine kubwa. Sisi tulichimba vichochoro, yaani njia fupi zinazounganisha handaki la kwenda na la kurudi, ili gari likiwaka moto watu wakimbilie upande wa pili. Kichochoro ni chembamba, mkono wa roboti haugeuki humo, kwa hiyo ni kazi ya mashine ndogo na mikono. Rashidi anachimba mita moja. Amnaay anapuliza zege paani na ubavuni papo hapo, kabla udongo haujakumbuka kuwa unaweza kuanguka. Sisi wengine tunasimamisha tao la chuma na wavu, anapuliza tena, ndipo tunafungua mita nyingine. Mita ikifunguliwa, kikosi kilichoifungua ndicho kinachoifunga. Hiyo ni sheria ya kazi hii kila mahali, msije mkadanganywa.

Niliyoyajua nilifundishwa na Amnaay. Alinifundisha kugonga paa kwa mtaimbo kabla sijasimama chini yake: ardhi nzima inajibu kwa sauti kavu, iliyolegea inajibu kama debe tupu. Alinifundisha kuegemeza bomba la zege kwenye nyonga na si kulibeba kwa mikono, maana lina nguvu ya kumburuta mtu mzima. Mdomo wa bomba uutazame ukuta moja kwa moja. Ukiupuliza kwa mshazari zege linakurudia usoni. Zungusha polepole, kama unayekoroga ugali wa watu wengi. Kwenye kuta nilikuwa mwepesi na nikapewa kibali. Paani sikuwa na kibali. Paa ni la mtu mwenye subira, aliniambia Amnaay, na wewe hata ukiwa umekaa unasafiri.

Sasa nifike kwenye kile kichochoro.

Kilikuwa chini ya jengo la zamani la ghorofa. Udongo wake ulikuwa laini, wenye maji, unaokatika kama mgando wa maziwa. Kabla hatujaanza, Mirela alituonyesha kwenye simu picha ya jengo lenyewe: nguo zimeanikwa madirishani, baiskeli ya mtoto imefungwa kwenye ngazi. Alipitisha simu kwa kila mmoja wetu, akairudisha mfukoni. Mpigaji zege wa zamu nyingine alikuwa amelazwa, kwa hiyo kwa paa lile tulikuwa na Amnaay tu.

Tulikuwa tumefungua mita, zege la kwanza limeshapulizwa, tunaandaa tao, Amnaay akaitwa kwenye chumba cha chuma tulichowekewa cha kujihifadhi hatari ikitokea, ambako simu zilikuwa zinashika mtandao. Alirudi akiwa anavaa glavu zake. Alivaa ya kulia, akavaa ya kushoto, akasema baba yake amefariki.

Hatukumwelewa. Jana yake tu wote tulikuwa tumemsikia mzee huyo kwenye simu, analalamika kuhusu fahali anayeruka uzio, anauliza kama huko kwa wazungu hakuna dawa ya fahali mkorofi, na Rashidi alimjibu kuwa dawa ni kisu. Mzee alicheka mpaka simu ikakwaruza. Alfajiri ya siku ile alikwenda zizini na miguu yake, akaanguka hapohapo. Amnaay alitueleza hayo kwa maneno machache, akaenda akashika bomba.

Rashidi alizima mashine.

Hakuna aliyemwambia azime, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kwetu mtu akifa, hakuna anayeshika jembe mpaka azikwe. Huendi shambani, hufungui udongo, hata kama mvua inakusimanga. Na kazi yetu ilikuwa udongo tangu asubuhi hadi jioni. Tuliweka sururu na koleo ukutani, tukakaa.

Mirela alikuja mbio kwa sababu kichochoro kilikuwa kimenyamaza, na chini ya ardhi ukimya ni taarifa mbaya. Nilimweleza mimi, kwa Kiingereza changu cha sekondari. Aliuliza kama ni mgomo. Nikasema hapana. Akauliza kama ni fedha. Nikasema hapana. Uso wake ulibadilika rangi. Kikosi kingine cha kazi ya mikono kilikuwa upande wa pili wa mto wa jiji hilo, na kichochoro cha kwao nacho kilikuwa wazi, wasingeweza kukiacha. Alinyoosha kidole juu, kwenye lile zege jembamba ambalo tayari lilikuwa limeanza kutoa jasho, akasema kwamba anaheshimu msiba, lakini paa hili halina msiba.

Hapo ndipo nilipoogopa, maana alisema kweli. Kuchimba tungeweza kuacha. Lakini mita iliyofunguliwa ilikuwa inataka zege la pili, na mwenye kulipiga ndiye mfiwa mwenyewe. Tulimtazama Amnaay. Yeye akarudi kwenye chumba cha chuma akampigia mama yake, sauti ikiwa wazi, sote tumejibana mlangoni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umeshaondoka?”

“Bado. Niko kazini. Mama, nataka kuuliza. Tumeacha kuchimba kwa ajili ya baba. Lakini kuna paa tumelifungua, linataka zege. Naweza kuligusa?”

Kwa mbali tulisikia watu wanaimba. Kisha mama akauliza juu ya hilo paa kuna nini.

“Nyumba.”

“Ina watu?”

“Wapo.”

“Na watoto?”

“Wapo, mama.”

“Sasa unanipigia simu ya nini? Kupiga lipu si kulima. Ziba.”

Amnaay aliziba. Tulisimamisha tao na wavu, naye akapuliza bila kusimama, paa lote, hata sehemu za kona ambazo mimi ningeziruka. Mirela alikaa nyuma yetu muda wote. Alikuwa amemsikiliza mama yule bila kuelewa neno, na nilipomtafsiria alinitaka nirudie.

Kesho yake tukashuka kama kawaida. Hatukuchimba. Ule udongo ulikuwa unasukuma, zege likipata ufa mwembamba Amnaay anaongeza tabaka, na sisi tunapiga soga za msibani, kwa sauti ya chini. Kwa akili zetu, mzee angezikwa siku ile au asubuhi yake, ndivyo ilivyo kwetu watu wakishakusanyika, na sisi tungeendelea. Ilipofika jioni Rashidi aliona unyonge umezidi, akaleta utani wake.

“Kaka, mzee anazikwa lini? Kwetu angekuwa ameshazikwa tangu jana, na ninyi mngekuwa mmeshakula pilau yetu mara mbili.”

Amnaay hakucheka. Alikuwa anasafisha mdomo wa bomba kwa waya, na aliendelea kuusafisha.

“Wananisubiri mimi,” alisema.

“Wanakusubiri?”

“Mimi ndiye mkubwa. Niliwaambia wazike tu, baba mdogo akakataa. Kaburi halitachimbwa mpaka nifike.”

“Na wewe unasubiri nini hapa?”

“Nasubiri tumalize chini ya hili jengo. Siwezi kuwaachia paa hili.”

Rashidi aliketi juu ya ndoo. “Kaka,” alisema polepole, “sisi hatuchimbi mpaka mzee azikwe.”

“Najua.”

“Sasa tunamalizaje?”

Nimefanya kazi chini ya ardhi zaidi ya miaka ishirini. Nimeona maji yakipasua ukuta, nimeona jiwe la ukubwa wa meza likidondoka mahali nilipokuwa nimesimama dakika moja kabla. Hakuna kilichowahi kunipiga kama swali lile la Rashidi. Tulikuwa tunamheshimu mzee kwa kumzuia asizikwe. Amnaay alikuwa anaijua hali ile tangu asubuhi ya kwanza, na alishindwa kufungua mdomo, maana angetuambia nini? Tushike majembe juu ya maiti ya baba yake? Na kule Tumati mambo yalikuwa mabaya kuliko huku. Mvua za kupandia zilikuwa zimeanza. Majirani wote wamekaa msibani, mbegu ziko kwenye magunia, udongo umelowa vizuri, na hakuna anayeshika jembe, wanamsubiri mtu aliyekaa chini ya jiji la watu anawasubiri wao.

Nilikwenda kumweleza Mirela. Alinisikiliza akihesabu kwa vidole, si kwa dharau, alikuwa anatafuta mahali pa kuanzia. Handaki linasubiri kaburi, alisema. Kaburi linamsubiri huyu. Huyu analisubiri handaki. Nikasema ndiyo. Kisha akauliza swali moja tu: nani mwingine anaweza kupiga paa?

Nilitaka kugeuka nyuma kuona anamtazama nani.

Walinifungia ubao wa majaribio kwenye fremu nje ya kichochoro, kwenye kimo cha paa, Mirela akasimama pembeni na Amnaay nyuma yangu. Jaribio la kwanza zege lote liliniangukia kichwani na mabegani, zito kama mzigo wa kuni mbichi. Rashidi alisema sasa nimepigwa lipu, bado kupakwa rangi. La pili lilikaa kidogo, likaachia katikati. Nilianza kuomba lisikae kabisa, nipate kuachwa. Amnaay alikuja akaushusha mkono wangu wa kulia kiasi cha upana wa kiganja, akanikanyaga mguu wa kushoto ili nisiusogeze. Hakuwa mpole. La tatu lilikaa. Mirela aliligonga kwa nyundo, akaligonga tena, akaagiza gari la kumpeleka Amnaay uwanja wa ndege.

Aliondoka na nguo za kazi mwilini, begi tumembebea sisi mpaka kwenye lifti. Kabla mlango haujafungwa aliniambia:

“Bomba likikohoa, elekeza chini. Usisubiri likohoe mara ya pili.”

Siku alizokuwa njiani, kutoka ndege hadi ndege, hadi mabasi, hadi pikipiki ya kupandia Tumati, paa lilikuwa langu. Nyufa zilitokea mbili, moja juu kabisa, na nilizipuliza nikiwa nimebana pumzi, nikiifikiria ile baiskeli kwenye ngazi. Bomba lilikohoa. Niliusukuma mdomo chini kabla sijajua kuwa nimeusukuma. Zamu ilipoisha nilishindwa kufungua vidole, Rashidi akavifungua kimoja kimoja, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani.

Asubuhi ya maziko Amnaay alitupigia, akaiweka simu mfuko wa shati bila kuikata. Tulijazana kwenye kile chumba cha chuma, Mirela naye, amevua kofia ngumu ameishika kifuani. Tulisikia mvua ikipiga turubai. Tulisikia wimbo wa Kiiraqw ambao sikuwa nimeusikia tangu bibi azikwe. Halafu kukawa kimya, na baadaye donge moja la udongo, la mkono wa Amnaay, likaanguka juu ya mbao. Baada yake ndipo makoleo yakaanza, mengi, kwa haraka, kwa mwendo ule wa watu wa kwetu wanapofukia. Hakuna aliyesogea mpaka yaliponyamaza.

Mama ndiye aliyechukua simu.

“Shikamoo mama,” tulisema wote pamoja, na Mirela pia, alikuwa amefundishwa neno hilo usiku uliotangulia, akalikosea kidogo.

“Marahaba wanangu. Tumemzika. Majirani wameshatoka na majembe, mvua isiwakimbie. Na ninyi huko?”

“Tulikuwa tunasubiri, mama,” nilisema.

“Mnasubiri nani tena? Kachimbeni.”

Tulirudi kichochoroni. Rashidi alipanda kwenye mashine yake, akaweka mkono kwenye ufunguo, akanitazama, kwa sababu paa lilikuwa langu na mwenye paa ndiye anayetoa ruhusa. Niligonga kwa mtaimbo kama nilivyofundishwa na kaka yangu, likajibu kavu. Halafu nilivua glavu, nikalipapasa lote kwa kiganja, kutoka ukuta hadi ukuta, polepole. Hapakuwa na unyevu mpya. Nikampungia mkono, akawasha.